Kibaba Kabla ya Kikombe: Vidokezo 12 kwa Mnywaji Anayeipenda Afya Yake

Jumamosi moja nilipita kilabuni Ajia, huku West Nile, Uganda, nikiwa na chupa tupu ya maji ya nusu lita. Chini ya mwembe palikuwa na mabenchi mawili, mtungi wa kwete, pombe yetu ya mahindi, uliofunikwa kwa sinia, na vikombe vyekundu vya plastiki vilivyofudikizwa kwenye beseni. Nikamuuliza mwenye kilabu, "Mama, kikombe kimoja ni kiasi gani?" Akanitazama juu mpaka chini. "Ni kikombe, mwanangu."

Basi nikaomba maji, nikajaza chupa yangu na kuimimina kikombeni. Kikombe hakikujaa. Nikajaza tena, nikamimina, na chupa ilipobaki nusu ndipo maji yakafika ukingoni. Mililita 750. Mzee mmoja, ambaye muda mfupi kabla alikuwa anajisifu kwamba siku hizi amepunguza na anakunywa "viwili tu", akanyamaza ghafla. Viwili tu vyake vilikuwa lita moja na nusu.

Habari nzima ya pombe na afya huku kwetu imo ndani ya kikombe kile. Kuanzia Ajia hadi Arua mjini, na kupanda mpaka Koboko, tunakunywa kwa jina: kikombe, kibuyu, glasi, chupa ndogo. Mwili haujui majina. Wenyewe unahesabu kila tone, hata pale mwenye mwili amechoka kuhesabu. Vidokezo hivi ni vya mtu anayekunywa na bado anataka kuamka alime, akimbie, acheze mpira na kuendesha boda yake bila kuanguka. Mahubiri tuwaachie wenye kazi yao. Hapa ni hesabu.

1. Pima kikombe chako, mara moja tu

Fanya kama nilivyofanya. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza, mimina kwenye kikombe unachotumia siku zote, uone kinachukua ngapi. Ni kazi ya dakika mbili, na ukishajua umejua.

Taabu iko kwenye kibuyu cha pamoja. Kinazunguka, kila mtu anavuta funda mbili tatu, na mwisho wa jioni hakuna anayejua alichokunywa. Msibani au kwenye mahari, kukataa kibuyu ni kama kukataa undugu, nami sikushauri ukatae. Pokea, onja, pitisha kwa mwenzako, kisha omba kikombe chako. Wazee hawatakasirika, wengi wao wana vya kwao tayari. Kikombe chako ukikijua, unaweza kuhesabu. Kibuyu cha watu kumi hakihesabiki.

2. Zidisha kwa asilimia

Kila chupa ya kiwandani imeandikwa asilimia ya kilevi. Chukua mililita, zidisha kwa asilimia hiyo, gawa kwa 100. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Chupa ndogo ya waragi ya mililita 200 yenye asilimia 40 ina mililita 80. Maana yake ile chupa inayoingia mfukoni mwa suruali, ambayo mtu huiita "kidogo cha kupashia joto", imebeba bia tatu na zaidi.

Wengi wetu tunazikumbuka pakiti za waragi, zile ambazo Watanzania waliziita viroba. Tanzania ilizipiga marufuku 2017, na Uganda ikazifungia njia 2019. Kipimo kidogo kabisa kilichoruhusiwa kikawa chupa ya mililita 200. Lilikuwa jambo jema, hasa kwa watoto wa shule waliozificha kwenye daftari. Lakini mkono uliozoea kumaliza pakiti kwa mkupuo mmoja umejifunza kumaliza na chupa. Kifuniko kipo, na kazi yake ni kufunga.

3. Kwete ya leo si kwete ya kesho

Kwete haina karatasi ya asilimia, kwa hiyo inafaa kuijua inavyotengenezwa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke siku mbili tatu. Kisha hukaangwa juu ya bati au sufuria pana mpaka ugeuke rangi ya kahawia na kunukia kama mkate ulioungua kidogo. Hapo huchanganywa na maji, ukaongezwa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na chachu ndiyo inayogeuza sukari kuwa kilevi. Baadaye inachujwa na kunywewa.

Angalia mpangilio huo: kazi ya chachu haiishi mtungi unapofika sokoni. Kwete changa ni tamu na nzito, karibu uji. Ile iliyolala usiku mmoja zaidi imeanza kuwasha ulimi, kwa sababu sukari imepungua na kilevi kimeongezeka. Kikombe ni kilekile, mama ni yuleyule, bei ni ileile, na ulevi si uleule. Uliza imelala siku ngapi. Ikiwa imekomaa, ihesabu kama bia ya ujazo uleule, usiihesabu kama uji.

Kwa wapishi, neno moja: mahindi yaliyoota ukungu usiyageuze kwete. Ukungu ule huacha sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo huumiza ini na kuleta saratani yake, na moto wa jikoni hauimalizi.

4. Lipe ini saa zake

Ini la mtu mzima wa kawaida huondoa takribani mililita 10 za kilevi halisi kwa saa moja. Halina haraka, wala halisikii maombi. Bia moja ya nusu lita ni kazi ya saa mbili na nusu hivi. Chupa ndogo ya waragi ni kazi ya saa nane.

Sasa piga hesabu ya kijana wa boda aliyemaliza chupa hiyo saa sita usiku, akalala, akaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi abiria wa basi la Kampala. Amenawa uso, amepiga mswaki, amebadilisha shati. Kichwani mwake anaona jana imeisha. Kwenye damu yake jana bado inaendelea hadi saa mbili asubuhi. Sheria ya barabarani Uganda inaweka mpaka kwenye miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na askari wa kawunyemu, yaani msako wa madereva walevi, akikupa bomba upulize, hatakuuliza umelala saa ngapi.

Kahawa haisaidii. Hata ikiwa ni ile nzuri ya milima ya Paidha, itakufanya uwe mlevi aliye macho. Maji baridi ya kuoga yatakufanya uwe mlevi aliyelowa. Kinachoondoa kilevi ni saa, peke yake.

5. Kula kwanza, na kiu uikate kwa maji

Kilevi hupita tumboni na kuingia damuni kupitia utumbo mwembamba. Tumbo tupu hukiachia njia. Tumbo lenye chakula hukichelewesha. Kwa hiyo enyasa, ugali wetu, iwe mbele ya kikombe. Donge la muhogo na ulezi, mchuzi wa samaki wa angara, mboga ya majani ya osubi pembeni: hapo umeweka msingi. Chakula hakifuti kilevi, kinakipunguzia kasi tu, lakini kasi ndiyo inayoangusha wengi.

Na kiu usiipeleke kwa pombe. Kilevi huzuia homoni inayoambia figo zishike maji, ndiyo maana mnywaji huenda nyuma ya nyumba mara kwa mara na kurudi na kiu kubwa zaidi. Miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba, jua la West Nile limekunyonya shambani mchana kutwa. Ukifika nyumbani, kunywa kwanza maji mpaka mkojo urudi kuwa mweupe mweupe. Baada ya hapo, kila kikombe cha pombe kifuatwe na kikombe cha maji. Ni njia ya heshima pia: mkono wako una kikombe muda wote, hakuna wa kukusukumia kingine.

Akina mama na akina dada wakumbuke kwamba mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito uleule. Kikombe kilekile kinakuwa kikali zaidi damuni mwake. Si udhaifu, ni ujazo.

6. Geuza vikombe kuwa kilomita

Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, karibu mara mbili ya gramu ya sukari, ambayo ina 4. Bia ya nusu lita ina gramu 20 hivi za kilevi, yaani kalori 140 kabla hujahesabu wanga uliobaki ndani yake. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita moja huchoma kalori 70 hivi. Kwa hiyo kila bia ina deni la kilomita mbili.

Barabara ya lami kutoka Vurra kwenye mpaka wa Congo, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Bia mbili kila jioni ni kilomita nne. Baada ya siku 23 umeshajiandikia deni la kuikimbia barabara yote, mpaka hadi mpaka, kwa miguu yako. Mwezi hata haujaisha.

Na hapo hatujazungumzia kilicho kando ya bia. Mwili ukipata kilevi hukishughulikia kwanza, kwa sababu hauna ghala la kukiweka, na mafuta ya mshikaki na chipsi yanasubiri foleni. Yanayosubiri sana huishia kiunoni na kwenye ini lenyewe. Tumbo la bia mara nyingi ni tumbo la nyama choma iliyokosa nafasi ya kuchomwa mara ya pili.

7. Mazoezi na ulevi, chagua siku

Timu ya mpira ya Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda 2016, kila mtaa wa Arua ulipata timu ya vijana. Kila timu ikapata desturi: mechi saa kumi, kikao saa moja jioni. Ukishinda unakunywa kwa furaha, ukifungwa unakunywa kwa uchungu. Matokeo kwa misuli ni yaleyale.

Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha jaribio walilofanya kwa wanaume wanane wenye mazoezi. Waliwafanyisha kazi ngumu, kisha wakawapa vinywaji tofauti baadaye. Waliopata protini pamoja na pombe nyingi, misuli yao ilijijenga kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 24 kuliko walipopata protini peke yake. Walipopata pombe na vyakula vya wanga bila protini, upungufu ulifika asilimia 37. Kumbuka kwamba misuli haikui wakati unanyanyua au unakimbia. Inakua baadaye, ukiwa umekaa au umelala. Ukilewa saa zile, umelima shamba na kusahau kupanda.

Usingizi nao ni mwizi mwingine. Pombe hukulaza haraka, hilo ni kweli, lakini usiku wa manane hukuamsha, hupunguza usingizi wa ndoto, na hukuacha asubuhi umelala saa nane na kuchoka kama uliyelala tano. Ukitaka kuona kwa macho yako, shika mapigo ya moyo shingoni kwa dakika moja asubuhi ya Jumapili baada ya kunywa, kisha asubuhi ya Jumatano ambayo hukunywa. Linganisha namba mbili.

Kanuni rahisi kwa mchezaji: siku ya mechi, na siku inayotangulia, hapana. Baada ya mechi, kwanza maji, pili maharage au samaki au mayai, na kama lazima kuwe na cha tatu, kiwe kimoja.

8. Waragi usiojua ulikotoka, uache mezani

Miaka ya 1960 Uganda ilitunga Sheria ya Enguli, iliyokataza kupika waragi bila leseni. Miongo mingi baadaye, mapipa bado yanachemka kando ya vijito, mabomba yanapita kwenye maji baridi, na muhogo unatoka upande wa pili ukiwa moto wa kioo. Tusijifanye hatuyajui.

Hatari yenyewe ina jina: methanoli. Inafanana na kilevi cha kawaida kwa rangi, harufu na ladha, na ni rahisi viwandani, ndiyo maana kuna wauzaji wasio na huruma wanaoichanganya. Mwilini hugeuka tindikali inayoua mishipa ya macho, kisha mtu mwenyewe. Mwaka 2010, waragi wenye methanoli uliua watu wengi Kabale. Agosti 2022 msiba ukafika kwetu: watu wasiopungua 10 walikufa Arua na Madi-Okollo baada ya kunywa jini ya kwenye chupa. Chupa hiyo ilikuwa imefungwa na ina karatasi ya jina. Kwa hiyo usidanganywe na kifuniko kizuri. Nunua unakokujua, na bei ikiwa ya ajabu, ujue kuna sababu.

Habari ya kuwasha kiberiti uone rangi ya moto si kipimo. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kutegemea.

Dalili ndizo za kushika. Methanoli mara nyingi hujificha saa 12 hadi 24. Mtu ameamka, anadhani ni uchovu wa jana, kumbe kichwa kinazidi badala ya kupungua, tumbo linakata, anatapika, anapumua kwa haraka, na macho yanaona ukungu au weupe. Huyo asilazwe kivulini wala asipelekewe "cha kuzimua". Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mliokunywa naye mwende wote, hata anayejisikia mzima. Kuna matibabu, na yanategemea kuwahi.

9. Vidonge, ini na mimba havitaki mgeni huyu

Ukipewa metronidazole, ambayo wengi tunaiita Flagyl, acha pombe mpaka dozi iishe na siku tatu zaidi. Ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu, acha kabisa miezi yote, kwa sababu dawa zile zenyewe tayari zinalipa ini kazi. Panadol ya kutuliza kichwa cha asubuhi si rafiki kama inavyodhaniwa: ini la mnywaji wa kila siku huumizwa nayo kwa dozi ambayo wengine huistahimili. Na kwa walio kwenye ARV, adui mkubwa ni kusahau. Kikombe cha saa mbili usiku humeza kumbukumbu ya kidonge cha saa tatu.

Kisha kuna homa ya ini aina ya B, ambayo kaskazini mwa Uganda na West Nile tunaijua vizuri mno. Virusi vyake vinaweza kukaa miaka mingi bila dalili, huku vikilichubua ini polepole. Ukiongeza pombe juu yake, kovu linakuja mapema na saratani inakaribishwa. Kapime. Kama huna virusi, pata chanjo, dozi tatu zote, usiishie ya kwanza. Kama unavyo, basi kikombe chako ni cha chai.

Mjamzito hana kipimo salama. Kinachofika kwa mama kinafika kwa mtoto, na ini la mtoto aliye tumboni bado halijajua kazi. Kwete tamu ya kuongeza maziwa, kama wasemavyo bibi zetu, nayo ina kilevi. Uji wa ulezi usiochachushwa utafanya kazi hiyo bila deni.

10. Kama hunywi, usianze kwa sababu ya afya

Kuna msemo unaozunguka mabaa: glasi moja kwa siku ni dawa ya moyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Na tangu 1988 wataalamu wa saratani wa shirika hilo wameiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Koo, umio, ini, utumbo mpana na titi ni miongoni mwa sehemu zinazoguswa. Hii haina maana kwamba kikombe kimoja kitakuua. Ina maana kwamba kila kikombe kinachopungua ni faida, hata kwa mtu ambaye hataacha kabisa.

Huku kwetu asiyekunywa hayuko peke yake. Oli ya Arua mjini na Koboko zimejaa familia za Kiislamu zinazofanya harusi kubwa kwa chai ya tangawizi na mandazi, na watu wanacheza mpaka asubuhi. Ukiwa kwenye kundi la wanywaji, agiza chako mapema kabla hujaulizwa, na ukiulizwa sababu, jibu fupi linatosha: "Kesho nina mbio." Anayeheshimu mbio zako ni rafiki. Anayecheka, mwalike aje saa kumi na mbili asubuhi.

11. Mali bila daftari hupotea bila habari

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 ilihesabu kwamba mwaka 2016 kila Mganda mwenye miaka 15 na zaidi alikunywa wastani wa lita 9.5 za kilevi halisi. Ukigawa kwa bia ya mililita 25, ni bia 380 kwa mwaka. Na wastani huo umewahesabu bibi wa kanisani na shehe wa msikitini. Kwa kuwa wao hawakunywa, kuna mtu amekunywa na za kwao. Je, ni wewe? Hutajua bila kuandika.

Chukua daftari la shule la kurasa 32. Kila usiku andika mambo matatu: vikombe, shilingi, na ulivyoamka. Usijihukumu mwezi wa kwanza, andika tu. Anayetumia shilingi 2,000 kwa siku ataona mwisho wa mwaka shilingi 730,000, na hapo hakuna haja ya mtu kumshauri. Ada ya mtoto itamshauri. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilikuwa kinajaa upande wa pili.

Mwezi wa pili, weka siku tatu za wiki zisizo na tone, na uzijaze na kazi ya mwili. Wataalamu wanataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa mkulima wa Ajia hilo si jambo: jembe, baiskeli ya kupanda kilima na dumu la maji kichwani vinahesabiwa. Wanaokaa dukani na ofisini mjini ndio wanaohitaji kutoka.

Na ukurasa wa mwisho wa daftari, jiulize maswali manne. Umewahi kuona unapaswa kupunguza? Watu wakikusema kuhusu pombe unakasirika? Umewahi kujuta kwa ulichokunywa? Umewahi kunywa asubuhi ili mwili utulie? Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, tafuta mtu wa afya uzungumze naye.

12. Kama mikono inatetemeka asubuhi, usikate peke yako

Kidokezo hiki kinapingana na ushujaa, nacho ndicho kinachookoa maisha. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiamua Jumatatu moja kuacha papo hapo, anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kifafa, na hata kufa ndani ya siku chache. Ubongo wake ulizoea breki ya pombe. Breki ikiondolewa ghafla, gari linaserereka.

Huyo asifungiwe chumbani wala asiombewe tu. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu, aeleze ukweli wa vikombe vyake, na apelekwe mbele. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili, na Butabika, Kampala, ina wodi ya walioshikwa na pombe na dawa za kulevya. Kuna dawa za kumshusha taratibu na vitamini za kulinda ubongo wake. Ndugu wa mgonjwa, kazi yenu ni kumsindikiza na kuacha kumwita jina la kilabu chake.

Jumamosi hii soko litajaa, mtungi utakuwa chini ya mwembe, na mama atakuambia tena kwamba kikombe ni kikombe. Nenda na chupa yako ya nusu lita. Jaza, mimina, hesabu, kisha amua vingapi. Ukifika nyumbani kabla ya giza, ukala, ukalala, ukaamka na miguu inayotaka kukimbia, ujue kipimo chako ulikipata. Usipoweza kuhesabu tena, jioni imekwisha: aga wenzako, uende.